Kadi ya gari ionyeshe kama liliwahi kufutwa na bima

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie magari yaliyopata ajali mbaya, yakafutwa na bima (yaani kampuni ya bima ikaona hayafai kutengenezwa, ikamlipa mwenye gari), kisha yakarudi barabarani. Hapa Tanga mtu hununua gari la namna hiyo mnadani, analipeleka gereji kule Ngamiani, na linatoka linang'aa.

Sipingi gari kufufuliwa. Mafundi wetu wanaijua kazi, na si kila mtu anamudu gari zima. Ninachodai ni ukweli. Chesisi iliyopinda, ikachomelewa na kupakwa rangi, huioni kwa macho. Utaigundua tairi zikianza kulika upande mmoja, au gari likivuta pembeni ukikanyaga breki. Na mfuko wa hewa (airbag) unaomkinga mtu kwenye ajali, ukishafyatuka haurudi tena. Wapo wanaofunika usukani kwa plastiki mpya na kuizima taa ya dashibodi, basi! Dereva atajua siku ya ajali.

Uingereza, gari lililofutwa na bima hupangwa kwenye kundi kulingana na uharibifu wake. Kwa mfumo ulioanza Oktoba 2017, la kundi A au B, yaani lililoharibika vibaya zaidi, halirudi barabarani kabisa. La kundi S, lililoumia kwenye muundo wake, huruhusiwa likitengenezwa, lakini kadi yake huonyesha hivyo.

Kwetu TRA inatoa kadi, trafiki wanakagua, TIRA inasimamia bima. Wakiunganisha taarifa, mnunuzi aangalie namba ya chesisi tu aijue historia ya gari. Na gari lililofufuliwa lisiruhusiwe kutembea kabla mkaguzi hajaliinua akatazama chini, akapima breki na usukani.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga