Bibi hakuwa "mke wa mkulima"

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Gazeti lako nimelisoma miaka mingi, hata siku zile linatufikia huku Usangi likiwa la juzi, na sijawahi kulalamika. Lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu wakulima wa kahawa enzi za Mwingereza imenishinda. Ukurasa mzima na nusu, wanaume kumi na mmoja kwa majina, na mwanamke mmoja tu, tena pembeni ya picha, kashika ungo. Chini mmeandika: "Mkulima na mkewe." Mkulima yupi hapo? Mwenye ungo au mwenye kofia?

Bibi yangu mzaa baba aliolewa kabla ya vita vya Hitler. Kahawa ya babu aliichuma yeye, tunda jekundu moja moja, mtoto mgongoni. Aliikoboa jioni ile ile, akailoweka, akaiosha utelezi wote kwa maji aliyoyafuata mwenyewe, akaianika na kuigeuza siku nenda siku rudi. Wingu likitanda, wa kukimbilia vichanja ni yeye. Kilo tano au sita za tunda zilitoa kilo moja kavu. Hapo sasa ndipo babu alipovaa kofia akaenda kwenye mizani. Jina kitabuni lake, fedha mfukoni mwake. Bibi alisharudi kwenye migomba, maharage, majani ya ng'ombe wa zizini na makande ya watu kumi na mmoja. Babu simsemi vibaya, alikuwa mtu wa watu.

Na ile kodi ya mbiru, ya kila mtu kutozwa kwa kadiri ya mali yake, mliyoigusa kwa mistari miwili! Mmeandika kwamba mwaka 1945 wanaume wa Upare waliteremka Same kuikataa, wakapiga kambi bomani. Kweli kabisa. Nani alibaki akilima? Nani aliuguza watoto, akavuna, akalinda mbuzi, wiki baada ya wiki, huku mume analala nje Same? Na hawakuishia hapo. Wanawake nao waliteremka, zaidi ya maili 20 kwa miguu, wakamwambia mkuu wa Kiingereza achague moja: amalize jambo la kodi waume zao warudi nyumbani, ama awatie mimba yeye mwenyewe, wote waliosimama mbele yake. Mwandishi wenu hilo hakulisikia? Au alilisikia akaona haya? Bibi alikuwa mjamzito wa shangazi yangu, hakuweza kwenda, na mpaka anazeeka aliwaonea wivu wenzake waliokwenda.

Hasira yangu hii ina mwaka wa saba sasa. Tulipomzika bibi, wasifu wa marehemu ulisomwa hivi: alizaliwa, akaolewa na mkulima maarufu wa kahawa, akajaliwa watoto tisa, akaugua. Basi. Dakika moja na nusu. Halafu msomaji akaingia kwenye sifa za babu, aliyemtangulia kufariki kwa miaka ishirini, kana kwamba tunamzika mara ya pili! Na tukiwa hapo hapo kwenye misiba, Mhariri, hivi hawa washereheshaji wa siku hizi wametoka wapi? Yule wetu alitumia karibu saa nzima kutaja rambirambi moja moja na kiasi chake, akawasalimia wakubwa ambao hata hawakuja, na mpiga picha wake akakanyaga udongo wa kaburi akitafuta pembe nzuri.

Ushauri wangu ni huu. Mleteni yule mwandishi huku kahawa ikiiva. Nitampa kikapu, mundu, jembe, na mjukuu wangu wa kilo tisa wa kubeba mgongoni (kumweka chini haiwezekani, analia). Aanze saa kumi na moja alfajiri. Akishachuma madebe matatu apike makande, yakiwa jikoni akate majani ya ng'ombe, jioni akoboe. Siku tatu tu zinatosha. Kisha aandike upya maneno ya chini ya ile picha. Nauli ya basi nitamlipia mimi, ya kuja.

Mjukuu wa mkulima,
Usangi, Mwanga