Vipindi vya kantri visikomee kwa Jim Reeves

Mhariri,

Redio kadhaa humu nchini Kenya hutupigia muziki wa kantri wa Kimarekani kila Jumapili, na sisi wasikilizaji tumezizoea nyimbo zenyewe hata tunautambua wimbo kabla mtangazaji hajautaja. Sina ugomvi na Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964 na bado anaombwa na wasikilizaji hadi leo, wala na Kenny Rogers au Dolly Parton, ila nawasihi watayarishaji wachimbe zaidi.

Wamjaribu John Prine, aliyekuwa akisambaza barua nyumba kwa nyumba karibu na Chicago kabla ya kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1971, ambamo aliimba kuhusu upweke wa wazee na kuhusu askari aliyerudi kutoka vitani akiwa mraibu wa dawa za kulevya. Mpenzi wa huzuni atamfaa Townes Van Zandt wa Texas, ambaye hakuwahi kuvuma sana mwenyewe, lakini wimbo wake mmoja ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1983 ulipoimbwa na Willie Nelson na Merle Haggard. Vijana wanaodai kwamba kantri ni ya wazee wapigiwe kundi la Uncle Tupelo, waliochanganya kantri na roki yenye makelele. Walipotengana mwaka 1994 yalizaliwa makundi ya Wilco na Son Volt.

Ninayempenda kuliko wote, hata hivyo, ni Rhiannon Giddens wa North Carolina. Yeye na wenzake wa kundi la Carolina Chocolate Drops walijifunza kwa Joe Thompson, mzee Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa hodari wa fidla, na albamu yao ya mwaka 2010 ikatuzwa Grammy. Kazi yake inatukumbusha kwamba banjo, ala ya nyuzi inayosikika sana katika kantri, ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani, jambo ambalo wanaouita kantri muziki wa Wazungu hawalitaji. Nasi Wakenya tuliupokea muziki huu mapema: mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyekuwa amefariki miaka 17 kabla.

Nusu saa ya kipindi ingetosha kwa kuanzia, mradi mtangazaji aeleze kwa Kiswahili kisa kilichomo katika kila wimbo, kwa kuwa watunzi hawa ni wasimulizi kwanza.

Msikilizaji wa kantri,
Nakuru