Gari likila tairi upande mmoja, usianze na tairi jipya

Mteja akija gereji na kusema "nifungieni matairi mawili mapya ya mbele", huwa tunaomba kwanza tuyaone ya zamani yakiwa bado kwenye gari. Namna tairi lilivyoisha inaonyesha tatizo liko wapi. Ukifunga jipya bila kujua kwa nini la zamani liliisha upande, hilo jipya nalo litaisha vilevile, na pesa yako imekwenda.

Tunaanza na upepo, kwa sababu hauna gharama. Tairi lililokwisha katikati lilijazwa kupita kiasi. Lililokwisha kingo zote mbili limetembea na upepo mdogo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu yametoka Japani, kwa hiyo stika inasoma kPa: 220 ni sawa na PSI 32 hivi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na usikubali kujaziwa kwa kukadiria.

Kinachowatesa wateja wengi ni tairi kuisha upande wa ndani tu. Ukiwa umesimama nje unaona tairi zima, kumbe huko ndani limeshakuwa kipara na waya unachungulia. Kata usukani mpaka mwisho, uiname, utazame. Kama hakuna waya, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi ukielekea ndani, kisha ukirudi nje. Ukienda huku kunateleza na ukirudi kunakwaruza, magurudumu hayaelekei mbele sawasawa: yamejibana au yamejitanua, nalo tairi linaburuzwa kila mita unayokwenda. Hiyo ni kazi ya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Lakini kama ukingo umeisha laini bila kukwaruza, mara nyingi gurudumu lenyewe limeinama. Huko tunatafuta springi iliyolegea, bushi (mipira ya kwenye maungio) zilizokufa, au shokapu ya mbele iliyopinda baada ya kuingia shimoni.

Hapa ndipo tunapobishana na wateja, na tutaendelea kubishana. Hatufanyi alaimenti kwenye gari lenye miguu iliyochoka, yaani viungo vinavyoshikilia magurudumu. Tunalinyanyua gari, tunashika gurudumu kushoto na kulia tunalitikisa: likicheza, tunashuku tairodi, fimbo inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye gurudumu. Tunashika juu na chini: likicheza, ni boljointi (kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu) au beringi. Mashine inaweza kusoma namba nzuri kabisa gari likiwa limesimama, lakini likikanyaga tuta la kwanza bushi iliyochoka inahama na vipimo vinahama nayo. Badilisha kwanza kilichochoka, ndipo tupime. Anayekufanyia alaimenti bila kunyanyua gari na kutikisa magurudumu hajakusaidia.

Jambo jingine ambalo wenye Vitz na IST wanapaswa kulijua: kwenye magari haya, kiwanda kimeweka nafasi ya kurekebisha mwelekeo wa magurudumu ya mbele tu, kwa kuzungusha tairodi. Mwinamo hauna boliti ya kurekebishia, na magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye boriti moja. Kwa hiyo karatasi ya mashine ikionyesha mwinamo umezidi, hakuna spana itakayoumaliza. Kuna kitu kimepinda au kimechoka, lazima kitafutwe.

Usukani ukitetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, anza na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, ambayo ni kazi tofauti na alaimenti na ya bei nafuu. Tairi likiwa na mabonde mabonde kulizunguka, tazama shokapu. Gari likivuta upande mmoja, badilishana tairi la mbele la kushoto na la kulia, mradi hayana mshale wa uelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Lisipobadilika, tunapima alaimenti na kuangalia kama kuna breki inayobana.

Lete gari lipimwe kila unapobadilisha tairodi, ukigonga shimo kwa nguvu, au ukiona usukani umekaa mshazari wakati barabara imenyooka. Njoo na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida; gunia la saruji lililosahaulika nyuma linabadilisha vipimo. Kabla ya kulipa, dai karatasi mbili, ya vipimo vya kabla na vya baada ya kazi. Kwetu utapewa zote hata usipoziomba.