Hicho si kinyesi cha ndege: kwa nini mlimau wako umebaki vijiti

Mwezi uliopita mama mmoja wa Buhongwa alirudi kitaluni kwetu na kiriba cha mche mkononi. Mlimau wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, alioununua hapa ulikuwa umebaki vijiti. "Mmeniuzia mche mgonjwa," akasema. Nikamwambia, samahani mama, hebu niuone. Kwenye jani la mwisho lililosalia alikuwepo mla majani mwenyewe: mnene, kijani, urefu wa kidole cha mtoto. Nilipomgusa akachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ikatoka. Mama akarudi nyuma hatua mbili.

Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, yule anayezunguka bustani zetu hapa Mwanza. Jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus. Jike hatagi ovyo. Akitua, huonja jani kwa miguu. Akijua ni jamii ya mchungwa, mlimau au mndimu, hubandika yai moja dogo la njano, akaenda jani jingine. Anapenda majani machanga, na mche unaomwagiliwa kiangazi chote hauishiwi nayo.

Yai huanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Hapa ndipo wateja wengi wanapokosea: kiwavi mdogo ni wa kahawia mwenye mabaka meupe, sawasawa na kinyesi cha ndege, kwa hiyo unampita. Hujivua ngozi mara kadhaa, kisha anageuka kijani, na ulaji wake mkubwa ni wa siku hizo za mwishoni. Baadaye hujifunga kwa uzi kwenye kijiti, akawa pupa. Wiki mbili tatu anatoka kipepeo.

Dawa tunauza, lakini kwa miche miwili mitatu usipoteze hela yako. Kagua majani kila baada ya siku mbili tatu. "Kinyesi" kisichotoka kwa maji, kibandue kwa mkono. Si washawasha, hawashi. Dawa huua hata nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hao. Mti mkubwa unaozaa, waache tu viwavi wayale majani yake.

Mche ulioliwa usiutupe, ulete tuutazame bure. Ule wa mama wa Buhongwa tuliuweka kivulini, na sasa una machipukizi matatu juu ya kiungio, pale mlimau ulipounganishwa na shina la chini. Yaliyotoka chini ya kiungio tumeyakata, maana hayo ni ya shina la chini, si ya mlimau alioulipia.