Mafundi wa mabanda ya sungura, pakeni na kingo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaofuga sungura nyumbani wa kukaa nao tu, manake kila nikikutana na mtu anayetaka kumgawa sungura wake sababu ni ileile, eti ananuka. Jamani sungura hanuki. Anajilamba kutwa nzima, na akishachagua kona yake ya kukojolea kwa kawaida harakishi kuihama. Kinachonuka ni sakafu ya banda, na mara nyingi shida inaanzia kwenye kingo, pale ubao ulipopita msumeno, sehemu ambayo mtu hakumbuki kabisa kuipitishia brashi.

Kwangu fundi alitengeneza banda la plaiwudi, juu akapaka vanishi ikang'aa, pembeni akaacha wazi. Haikupita miezi mingi ukingo ukaanza kuvimba, matabaka yakaachana kama daftari lililolowa, mkojo ukawa unaingia humo ndani, yaani mi nasafisha juu, chini uchafu uko palepale. Asubuhi nikifungua mlango macho yanawasha. Ile ni amonia, hewa kali inayotoka kwenye mkojo, na kama mimi wa dakika moja inanichoma hivyo, sungura aliyelala usiku kucha pua iko karibu na sakafu anaumia kiasi gani? Wangu mmoja akaanza kupiga chafya, halafu nikaona manyoya ya nyayo za nyuma yamekatika na ngozi imekuwa nyekundu. Sungura hana zile nyama laini chini ya mguu kama za paka, ana manyoya tu, kwa hiyo akikanyaga majimaji kila siku hapo vidonda haviko mbali. Na nzi nao wanapenda manyoya yaliyolowa mkojo, wanataga, na ndani ya siku moja funza wanaweza kuwa wameshatoka. Iliniuma sana.

Nilibomoa sakafu yote nikaanza upya, na hapa ndo nataka mafundi wanisikie: ubao upakwe KABLA haujapigiliwa. Ukishaunganisha, ukingo unajificha kwenye ukuta wa banda na brashi haifiki tena. Piga msasa, paka vanishi ya maji mkono wa kwanza mwepesi uzame, ukikauka rudia mara mbili au tatu, ila kingo ziongezee maana zenyewe zinakunywa rangi kuliko uso wa ubao, utaona unapaka inapotea. Matundu ya skrubu pia. Kisha uache wazi penye hewa mpaka harufu iishe kabisa, sio kwa vile umegusa mkono haunati basi unamrudisha mnyama leoleo. Chipbodi, ule ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, mimi siishauri hata kidogo, tone likipenya inavimba na hairudi.

Kwenye maungio ya sakafu na ukuta nilijaza silikoni, ile isiyo na dawa ya kuua kuvu, halafu juu yake nikafunga engo ya alumini, yaani kile kipande kilichokunjwa kama herufi L, kwa skrubu, ncha zake nikazipiga tupa zisimkate. Usiache silikoni wazi. Meno ya sungura yanakua maisha yake yote kwa hiyo lazima atafune, na akiona kitu kimechomoza ukingoni anaanza nacho hichohicho. Wanaotandika kapeti la plastiki wakumbuke hili zaidi, walipandishe ukutani kidogo kila upande na ule ukingo wa juu waubane kwa engo pia, gundi peke yake haitoshi, akishapata pa kuingiza jino anabandua, akimeza vipande ni hatari kubwa kwa sababu sungura hawezi kutapika na utumbo ukiziba mnaweza kumpoteza. Plastiki inateleza pia, tandika nyasi kavu nyingi au mkeka.

Kuna wanaokimbilia sakafu ya waya ili mkojo upite chini. Kwa ile miguu niliyoeleza, mimi siwezi.

Usafi sasa hivi umekuwa rahisi, nafuta tu. Ule ukoko mweupe unaobaki kwenye kona ni madini ya kalsiamu, mkojo wa sungura unayo mengi, namwagia siki naacha kidogo nafuta kwa kitambaa, situmii brashi ya chuma maana inachimba vanishi na maji yanapata njia tena. Na tafadhali msimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu.

Anayekwenda kununua banda lililotengenezwa tayari apapase kwanza ukingo wa sakafu kwa kidole, akisikia ubao mkavu unakwaruza amwambie muuzaji afungue amalizie kupaka kabla hajatoa hela.

Msomaji wako,
Mfugaji wa sungura wawili