Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Watafiti wa Homoni na Umetaboli

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Kongamano lilifanyika, warsha za uandishi wa makala kwa watafiti chipukizi zilifanyika, na hesabu zimekaguliwa. Namshukuru katibu, namshukuru na mweka hazina.

Nitakaloeleza kwa kirefu ni tuzo ya utafiti. Maneno yamekuwa mengi, na mengi yametoka kwa watu ambao hawakukanyaga kikaoni.

Mwaka huu kamati iliacha kuhesabu makala. Pendekezo nililileta mimi, nikalitetea mimi, na hadi leo nasimama nalo. Kila mgombea alileta makala tatu alizoona ndizo kazi yake kubwa, waamuzi wakazisoma mwanzo hadi mwisho. Mwenzetu mwenye orodha ndefu kuliko wote, zaidi ya makala mia moja za kisukari na unene, hakushinda. Aliyeshinda ana makala chache za maradhi ya tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zilizotokana na kuwafuatilia wagonjwa walewale kwa miaka mingi.

Nimelaumiwa kwamba nimemvunjia heshima mtafiti mkubwa. Sivyo. Orodha yake tuliipitia yote kabla ya kuiweka kando. Sehemu kubwa ni mapitio ya kazi za wengine, barua kwa wahariri na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Hizo ni kazi halali, ila hazipimwi kwa mizani moja na jaribio la kitabibu. Kwingine jina lake limo katikati ya majina ishirini, na orodha haisemi nani alibuni utafiti, nani alichambua takwimu, nani aliandika.

Wengine wanadai tungetumia kipimo cha h alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kipimo hicho hakishuki kamwe, kwa hiyo kinampendelea aliyeanza zamani. Tena anayeandika juu ya kisukari ana wasomaji wengi wa kumnukuu kuliko anayeandika juu ya maradhi adimu ya adrenali. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, la wanasayansi kuhusu namna ya kutathmini utafiti, lilikwisha kutaka utafiti upimwe kwa ubora wake wenyewe, si kwa sifa ya jarida lililouchapisha.

Na historia ya fani yetu iko upande wangu. Watafiti wa Marekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipoandika kwamba mwili wa mgonjwa aliyedungwa insulini hutengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga, dhidi ya insulini hiyo, makala yao ilikataliwa kabla ya kuchapishwa mwaka 1956. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa njia ya kupima homoni kwa mnururisho (mionzi), na Yalow akapewa Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amefariki mwaka 1972. Utafiti mkubwa wa kisukari wa Uingereza ulianza mwaka 1977, ukaandikisha wagonjwa 5,102, na matokeo yake makuu yakatoka mwaka 1998. Ule wa Marekani na Kanada ulikuwa na washiriki 1,441 na ukatoa matokeo mwaka 1993, baada ya takriban miaka kumi. Kamati inayohesabu makala za mwaka kwa mwaka ingewapa nini watu hawa walipokuwa katikati ya kazi? Swali hili nimeuliza vikao vyote na sijajibiwa.

Sasa mahudhurio. Mkutano wa kujadili vigezo vya tuzo uliitishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Waliokuja ndio walioamua, kama katiba yetu inavyoruhusu. Inaniuma kuona asiyejibu hata barua ya mwaliko akiandika waraka wa malalamiko wa kurasa nne. Ada nazo, waliolipa hawafiki nusu, na baadhi ya wadaiwa ndio wanaotaka tuzo iongezwe thamani. Mfuko wa tuzo mwaka huu ulikamilika kwa sababu wajumbe wachache wa kamati, mimi nikiwemo, tulichanga.

Mwakani tunatarajia kila mgombea aambatanishe maelezo ya mchango wake katika kila makala. Tungependa pia kuanzisha hifadhi ya takwimu za wanachama, fedha zikipatikana. Waraka wa malalamiko utajadiliwa leo baada ya taarifa ya mweka hazina, na waliousaini naomba wabaki ukumbini hadi wakati huo.