Bodi isihukumiwe kuwa imeungua kabla ya kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa vijana wengi wanaojifunza elektroniki katika vyuo vya ufundi, katika shule za sekondari zenye vilabu vya sayansi, na hata majumbani ambako mtu hukaa peke yake na bodi yake, yaani kibao chenye saketi za umeme, kompyuta ya kuazima na nyaya chache. Magazeti yetu, likiwamo lako, huandika kwa fahari habari za kijana aliyetengeneza mfumo wa kumwagilia bustani, kengele ya kugundua moshi au kifaa cha kupima kina cha maji ndani ya tangi. Nyingi ya kazi hizo zimejengwa juu ya maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayobeba programu moja na kuirudia saa zote, kama zile zilizomo katika bodi za Arduino na ESP32. Habari hizo huandikwa siku kifaa kilipofanya kazi. Mimi ningependa tuitazame siku kinapokataa, kwa sababu ndiyo siku ambayo vijana wengi huiacha fani hii.

Kifaa kikishindwa kuwaka, kikiganda, au kompyuta isipokitambua, hukumu huwa moja: bodi imeungua. Mwenye uwezo hununua nyingine, na asiye na uwezo huweka kazi yake kabatini. Katika karakana ninamofundisha tuna utaratibu wa kutoitupa bodi yoyote kabla ya kuipima, na tumeona tena na tena kwamba bodi iliyoletwa ikidaiwa kufa ni nzima, ila umeme unaoilisha haukutosha, waya haukufaa, au programu iliyopakiwa ina kasoro. Ndiyo maana ninasema kwamba tunawafundisha vijana kuunda bila kuwafundisha kutafuta hitilafu, na hili la pili lina haki ya kupewa saa zake darasani na alama zake kwenye mtihani.

Umeme ndio mzizi wa mengi. Waya wa kawaida wa USB 2.0 uliokamilika una nyaya ndogo nne ndani yake, mbili za kupitisha umeme na mbili za kupitisha data, lakini nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji simu zina zile mbili za umeme tu. Kijana akiutumia waya huo, taa ya bodi itawaka vizuri, naye ataamini kwamba kila kitu kiko sawa upande wa waya, huku kompyuta ikiwa haina njia yoyote ya kuzungumza na bodi. Kuupima hakuhitaji chombo chochote cha gharama: aunganishe simu na kompyuta kwa waya huo huo na ajaribu kuhamisha picha. Picha ikikataa kuhama na waya mwingine ukaihamisha, hitilafu imepatikana na bodi haina hatia.

Waya wenye data nao unaweza kuwa mwembamba mno au mrefu mno, na hapo hutokea kama kwenye bomba jembamba la maji, ambalo koki moja ikifunguliwa hutoa vizuri, lakini koki tatu zikifunguliwa kwa pamoja maji hudondoka tu. Watengenezaji wa ESP32 wanashauri chanzo cha umeme kiweze kutoa angalau miliampea 500, kwa sababu redio ya Wi-Fi inapowashwa chipu huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla. Bodi iliyolishwa vibaya huwaka, huwashawasha taa yake, humpa mwenyewe matumaini, kisha hujizima na kuanza upya kila inapojaribu kuingia kwenye mtandao. Chipu yenyewe husema sababu, kwani katika maandishi inayoyatuma kwa kompyuta huandika ujumbe wenye neno "brownout", maana yake volti imeshuka chini ya kiwango. Ujumbe huo upo mbele ya macho, lakini mwanafunzi ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba maandishi hayo ya Kiingereza yameandikwa kwa ajili yake hupitisha macho juu yake na kwenda kuomba nauli ya kufuata bodi nyingine Kariakoo.

Nitakaa kidogo kwenye modemu ya SIM800L, kifaa kidogo kinachotumia laini ya simu, kwa kuwa vijana wetu huipenda sana kwa kazi za kutuma ujumbe mfupi kutoka shambani mahali pasipo na Wi-Fi, na pia kwa kuwa sijaona kifaa kingine kinacholaumiwa bure kiasi hicho. Modemu hiyo inahitaji volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapozungumza na mnara hutuma mawimbi kwa mishindo mifupi sana, kila mshindo ukidumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndani ya mshindo huo inaweza kuvuta hadi ampea 2. Pini (mguu wa kuunganishia waya) ya volti 5 ya Arduino haiwezi kutoa mkondo wa namna hiyo, tena volti yenyewe imezidi kiwango. Wengi basi hutumia kipunguza volti kidogo na nyaya nyembamba za kuchomeka, modemu inawaka, inatafuta mtandao, inazimika, inaanza upya. Mwanafunzi mwangalifu huchukua mita, akapima, akakuta volti 4 zimetulia kabisa, na hapo ndipo anapopotea, maana mita ya kawaida ni ya polepole mno kuona mporomoko wa muda mfupi kiasi hicho. Inachokionyesha ni wastani. Tiba yake inajulikana: nyaya fupi na nene, chanzo chenye uwezo wa ampea 2 kweli, na kapasita, yaani kihifadhi kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 1,000 au inayokaribia hapo, iliyolehemiwa karibu kabisa na pini za modemu ili iwe akiba ya mishindo hiyo. Nimeona modemu zilizokwisha kuandikwa "mbovu" kwa kalamu ya wino zikikamata mtandao baada ya kuongezewa kapasita moja.

Pampu na mota nazo zina tabia yao. Zinapoanza kuzunguka huvuta mkondo uliozidi mara kadhaa ule wa kawaida, na koili ya relei, yaani swichi ya umeme inayoziwasha na kuzizima, inapozimwa hurudisha nyuma mshtuko wa volti unaoweza kuivuruga chipu au kuiharibu kabisa. Daiodi moja, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyowekwa kinyume juu ya koili, pamoja na chanzo cha pekee kwa ajili ya pampu, hasi zikiwa zimeunganishwa, huondoa sehemu kubwa ya mateso hayo. Sisi tunaokaa pwani tunaongeza chumvi ya hewani, ambayo hula viungo vya shaba hadi vikawa vya kijani. Anayepeleka kifaa nje bila kukifunika ipasavyo asishangae sensa, yaani kihisio chake, ikianza kutoa namba za ajabu.

Umeme ukishathibitishwa, linafuata swali la kama bodi na kompyuta zinasikilizana. Katika Arduino Uno (toleo la R3 na yaliyolitangulia) lipo jaribio zuri ambalo halina gharama yoyote: pini ya RESET huunganishwa na hasi ili chipu kuu inyamaze, kisha pini za TX (ya kutuma) na RX (ya kupokea) zikaunganishwa kwa waya mmoja, na kila herufi inayotumwa kutoka kwenye kompyuta inapaswa kurudi kama ilivyo. Ikirudi, waya wa USB, programu kiendeshi na chipu ya mawasiliano vyote ni vizima, na utafutaji unahamia kwenye chipu kuu au kwenye mipangilio. Mipangilio peke yake huua bodi nyingi kwa uongo. Bodi nyingi za Arduino Nano zenye programu-anzilishi (ile inayopokea programu mpya) ya zamani hupokea kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde wakati kompyuta inatuma kwa kasi ya 115,200, na kosa hilo huisha kwa kubadili chaguo moja kwenye menyu. ESP8266, dada mkubwa wa ESP32, huandika maneno yake ya kwanza kwa kasi ya 74,880, ambayo wengi hawaijui, kwa hiyo wanaona herufi zilizovurugika na kuamini kwamba chipu imechanganyikiwa. Katika ESP32 za awali, pini namba 12 ikiwa na volti wakati wa kuwashwa, chipu hudhani kwamba kumbukumbu yake inatumia volti 1.8 badala ya 3.3, na haiwaki kabisa mpaka sensa iliyochomekwa hapo iondolewe. Programu mbaya pekee, vilevile, haiwezi kuifuta sehemu ya kwanza ya kuanzia ya ESP32, kwa sababu imechorwa ndani ya chipu tangu kiwandani. Ukibonyeza kitufe cha BOOT wakati inaanza, itasubiri programu mpya hata kama ile ya zamani imeharibika vibaya.

Kuna hitilafu ambazo ni za programu tupu lakini hujivika sura ya vifaa kuchoka, nazo ndizo zinazohitaji akili iliyotulia zaidi. Arduino huhesabu milisekunde tangu ilipowashwa, na hesabu hiyo hufika 4,294,967,295 kisha hurudi sifuri, jambo linalotokea baada ya takriban siku 49 na saa 17. Mwandishi wa programu aliyejumlisha ili kupata muda wa mbele, badala ya kutoa ili kupata muda uliopita, hana habari kwamba siku hiyo inakuja. Ikifika, kifaa chake kinaweza kurudia kazi mfululizo bila kusubiri, au kuzima pampu papo hapo ilipowashwa, au kutoizima kabisa. Mwenye shamba huchomoa umeme, huurudisha, na kila kitu kinakwenda sawa, naye anaamini kwamba bodi imechoka. Hununua mpya, nayo humfanyia vile vile baada ya wiki saba. Wala tusidhani kwamba haya ni makosa ya wanafunzi pekee: mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kwa vipindi maalumu, baada ya kubainika kwamba vidhibiti vya jenereta zake vikikaa na umeme siku 248 mfululizo vingeweza kujizima kwa sababu ya hesabu iliyojaa kwa namna hiyo hiyo. Jambo la jirani na hilo ni kumbukumbu ya kazi, ambayo katika Uno ya R3 ni kilobaiti 2 tu. Programu inayounganisha maneno marefu kila dakika inaweza kuimaliza taratibu, na kifaa kikaganda saa ambayo hakuna anayeweza kuitabiri.

Sisemi kwamba bodi haziungui. Zinaungua: kwa kugeuza chanya na hasi, kwa kupeleka volti 5 kwenye pini inayostahimili 3.3, kwa kulisha taa nyingi kutoka pini moja ya Arduino Uno ya R3 ambayo ukomo wake kabisa ni miliampea 40. Lakini hata kuungua kuna ushahidi wake. Chipu hupata moto mara tu inapopewa umeme, au mita huonyesha ukinzani unaokaribia sifuri kati ya chanya na hasi wakati umeme umechomolewa. Aliyetafuta ushahidi huo atajua kilichoiunguza ya kwanza, na ya pili haitamfuata mwenzake.

Kwa hiyo ninaleta maombi kwa wanaohusika. Wanaotunga mitihani ya vitendo wamkabidhi mtahiniwa bodi yenye hitilafu iliyowekwa makusudi, kwa mfano waya usio na data, kapasita iliyoondolewa au pini iliyochomekwa pasipofaa, na wampe alama kwa mpangilio wa utafutaji wake: alipima nini kwanza, alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja au vitano kwa pamoja, aliandika alichokiona au alikisia. Wakuu wa vyuo wanaponunua bodi kwa ajili ya darasa wahakikishe kila kikundi kina mita yake, kwa kuwa darasa lenye bodi nyingi na mita moja iliyofungiwa ofisini haliwezi kufundisha jambo hili hata mwalimu awe hodari namna gani. Majaji wa mashindano ya ubunifu waombe kuona daftari la hitilafu la mshindani kabla ya kukitazama kifaa, na wasimpunguzie alama aliyeandika kwamba kifaa chake kilikataa mara nyingi na kwa sababu zipi. Wauzaji wa vifaa nao wangetusaidia sana kwa jambo dogo tu, la kutenga nyaya za kuchaji peke yake na zile za data, na kuziandikia.

Nawe Mhariri, waandishi wako wanapomhoji kijana aliyebuni kifaa, wamuulize pia kiliwahi kugoma wapi na aligunduaje sababu, kisha wakichapishe alichojibu.

Mkufunzi wa elektroniki,
Tanga